Meli ya kazi moja au meli ya kila kazi kwenye gemu za anga: maswali yanayojirudia

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana, kwa watu wanaoanza na kwa watu wenye masaa elfu kwenye gemu, kwa hiyo nimeyakusanya pamoja. Mifano mingi inatoka Elite Dangerous maana ndo nimekaa nayo zaidi, ila EVE Online, No Man's Sky, Starfield, Star Citizen na X4 zina sehemu yao huko chini. Bei zote ni za bodi peke yake, vifaa bado.

## Mambo ya msingi

Meli ya kila kazi ni ipi hasa, na ya kazi moja ni ipi?

Ya kazi moja ni ile ambayo watengenezaji wa gemu wameshakuamulia itafanya nini. Type-9 Heavy kwenye Elite Dangerous ni tumbo la mizigo lenye injini nyuma. Vulture ina sehemu mbili kubwa za silaha, inageuka vizuri ajabu, halafu nafasi ya kitu kingine chochote ni ndogo. Prospector ya Star Citizen ina mkono wa kuchimba madini na huwezi kuung'oa uweke kitu kingine. Ukinunua hizi unanunua kazi.

Ya kila kazi ni bodi lenye sloti (nafasi za kufunga vifaa) za kutosha, silaha za kutosha, mwendo wa kutosha, na kazi unaamua mwenyewe. Cobra Mk III, Python, Krait Mk II na Anaconda za Elite Dangerous, Cutlass Black ya Star Citizen, Shuttle za No Man's Sky, zote ziko kundi hili.

Sasa kuna jambo mi lilinichukua muda kulielewa na ndo msingi wa karibu majibu yote hapa chini: huo uwezo wa kufanya kila kazi unautumia ukiwa stesheni. Pale unafungua menyu, unatoa hiki unaweka kile, unatoka na meli tofauti. Ukishapaa tu imeisha, meli yako ni vile vifaa ulivyofunga asubuhi hiyo na hamna kingine. Python iliyojazwa makontena ni meli ya mizigo kama meli nyingine za mizigo, tena ndogo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni safari zako zinabadilika katikati au zinabadilikia stesheni.

Kwani siwezi kuchanganya vifaa vyote nikatoka na meli moja inayofanya kila kitu safari hiyohiyo?

Unaweza, gemu haikukatazi, na karibu kila mtu amejaribu. Ngoja nikuoneshe inavyokula nafasi.

Python ina sloti tatu za saizi 6, mbili za saizi 5, moja ya saizi 4, mbili za saizi 3 na vidogo vingine. Rafu ya mizigo inaongezeka mara mbili kila saizi: saizi 4 ni tani 16, saizi 5 ni tani 32, saizi 6 ni tani 64. Ukijaza mizigo kila mahali unakaribia tani 290. Sasa anza kutaka kila kitu. Ngao ya saizi 6, tani 64 zimeenda. Kifaa cha kuvuna mafuta kwenye nyota saizi 6, tani 64 nyingine. Kiongeza umbali wa kuruka saizi 5, tani 32. Mtambo wa kusafisha madini unakaa kwenye saizi 4, vidhibiti viwili vya limpeti (vidroni vidogo vya kukusanya na kupima madini) kwenye zile saizi 3. Umebaki na tani 96 na vichenji, na humohumo limpeti zenyewe zinakaa kama mzigo.

Mi nilitoka na bildi (mpangilio wa vifaa) ya namna hiyo nikaenda kuchimba kwenye pete ya sayari, leza mbili za kuchimba pale kwenye sehemu za silaha za kati, tatu kubwa zikawa na leza za vita, nikajiambia niko tayari kwa lolote. Maharamia walipofika nilikuwa katikati ya kuchimba. Leza za kuchimba zilikuwa zimeshakausha betri ya silaha, nikabonyeza kufyatua leza za vita zikapiga mara mbili tatu zikakata. Mlango wa mizigo ulikuwa wazi kwa ajili ya limpeti, na ukiwa wazi meli haiendi kasi, wala huwezi kuingia kwenye mwendo wa kukimbilia mpaka uufunge. Ile sekunde ya kutafuta kitufe cha kufunga mlango huku ngao inashuka naikumbuka mpaka leo. Kila kifaa kilikuwepo na hakuna kilichokuwa tayari. Kama ningeweka ngao nzito na nikawa na mpango mmoja tu wa kukimbia, ningetoka na mzigo wangu.

Kwa nini basi kila anayeanza anaambiwa achukue ya kila kazi?

Kwa sababu hujajua unapenda nini. Unaweza kudhani unataka vita halafu baada ya wiki ukagundua kinachokufurahisha ni kuzurura kwenye nyota ambazo hamna mtu amefika. Cobra Mk III ni kama krediti laki tatu na nusu tu na inakuonjesha biashara, vita, uchimbaji na safari ndefu bila kununua meli nne. Hapo ushauri ni sahihi kabisa na mi mwenyewe nautoa.

Shida ni kwamba watu wanaubeba mpaka mwisho. Mtu ana masaa mia tatu, anafanya biashara tu kila siku, na bado anatafuta "meli moja ya kila kitu" iliyo kubwa zaidi.

Hii ndoto ya meli moja kwa maisha yote ilianzia wapi?

Nadhani mchango mkubwa ni wa Elite ya 1984, ya David Braben na Ian Bell. Ulianza na krediti 100 na Cobra Mk III, na hukuweza kubadilisha meli kabisa. Unaongeza leza, unapanua sehemu ya mizigo kutoka tani 20 hadi 35, unanunua kivuna mafuta, meli ni ileile hadi mwisho. Kwenye gemu ile kila kazi ilikuwa imepimwa kwa hiyo meli moja, kwa hiyo ilitosha. Gemu zilizokuja baadaye zina meli makumi, na kila kazi imepimwa kwa meli yake, ila hamu yetu imebaki kuwa na moja tu ya kuiita nyumbani. Hamu yenyewe siilaumu, angalia swali la mwisho kabisa.

Nitajuaje kwamba muda wa kuhamia meli ya kazi moja umefika?

Kumbuka safari zako kumi za mwisho. Andika kila moja ilikuwa ya nini, na kama kuna mahali katikati ya safari ulibadilisha kazi kweli, yaani ulitoka kwa ajili ya mzigo ukaishia kupigana kwa kupenda na ukalipwa. Kama nane kati ya kumi ni kazi ileile, nunua meli ya hiyo kazi. Kama zimetawanyika, kaa na uliyonayo. Kama hazijafika kumi, bado mapema, endelea tu kucheza.

Dalili nyingine: unatembea na kifaa ambacho hujakigusa mwezi mzima. Hicho kinakula sloti, uzito na umeme, na umeme ndo unasahaulika zaidi, maana kifaa kikiwashwa kinakula hata kama hukitumii.

## Pesa

Ninunue moja kubwa ya kila kazi au ndogo tatu?

Piga hesabu na bei halisi. Python ni kama krediti milioni 57. Type-6 ya mizigo ni kama milioni 1, Diamondback Explorer ya safari ndefu haifiki milioni 2, Vulture ya vita haifiki milioni 5. Zote tatu kwa pamoja hazifiki milioni 8. Na Vulture yako itaipiga Python ya mchanganyiko, Diamondback itaenda mbali zaidi yake. Type-6 tu ndo itabeba kidogo kuliko Python iliyojazwa mizigo, ila kwa tofauti ya bei hiyo sioni ubaya.

Hapo kuna gharama haionekani kwenye bei nayo ni kuhama. Meli tatu zinakaa sehemu fulani, na ukihamisha makazi unalipia kuzisafirisha na kusubiri, kadri ilivyo mbali ndo pesa na muda vinaongezeka. Mtu anayekaa eneo moja, meli tatu ni bora wazi. Mtu anayehama kila wiki atachoka.

Nikiipoteza je?

Elite Dangerous unalipa asilimia 5 ya thamani ya meli na vifaa unarudishiwa kama ilivyokuwa. Inasikika kidogo mpaka ufike kwenye Anaconda. Bodi tu ni kama milioni 147, ukiifunga vifaa vizuri inaweza kufika milioni 500, na asilimia 5 yake ni milioni 25 kila ukipasuliwa. Vulture iliyofungwa vifaa hadi milioni 20 unaikomboa kwa milioni moja. Kwa hiyo kwenye kazi ya hatari, meli ndogo ya kazi moja inakupa nafasi ya kukosea mara nyingi, na kupigana kunajifunzwa kwa kukosea. Na usitoke kabisa kama pesa ya kukomboa haipo mfukoni.

EVE ni kali zaidi, meli ikilipuka imelipuka, bima inarudisha sehemu tu, na kwa meli za T2 (daraja la juu, za kazi maalum) inarudisha kidogo sana ukilinganisha na uliyonunulia. Wachezaji wa zamani wa EVE wana neno moja wanalorudia kwa kila mgeni: usirushe meli ambayo huwezi kumudu kuipoteza.

Si bora niwe na bodi moja na vifaa vya ziada stoo, nabadilisha tu?

Ni njia nzuri na watu wengi hawaijaribu vya kutosha. Python moja, seti tatu za vifaa zimehifadhiwa, unabadilisha kulingana na kazi. Unakuwa na bodi la kila kazi lakini kila safari ni ya kazi moja, na hiyo kwangu ndo namna sahihi ya kutumia meli ya kila kazi.

Kinachoudhi ni kwamba vifaa viko stesheni moja na wewe uko nyingine, na kubadilisha vifaa kumi kila siku kunachosha kuliko kubonyeza meli nyingine. Watu wengi wanaishia kununua bodi la pili kwa sababu hiyo tu.

## Kazi moja moja

Biashara na mizigo: meli ya kila kazi inapoteza kiasi gani?

Hapa ndo inapoteza vibaya kuliko sehemu zote, kwa sababu mizigo ni hesabu tupu. Tuseme una tani 700 za kuhamisha na safari ya kwenda na kurudi ni dakika ishirini. Type-9 inabeba zaidi ya tani 700 kwa mara moja. Ile Python ya mchanganyiko yenye tani 96 inahitaji safari nane, zaidi ya masaa mawili na nusu. Hamna ustadi wa kuendesha utakaoziba hilo.

Ila angalia pedi ya kutua kabla hujanunua chochote. Type-9 na Type-7 zinahitaji pedi kubwa, na vituo vidogo vya nje havina pedi kubwa. Type-7 inaumiza watu wengi maana inabeba karibu sawa na Python iliyojazwa, kwa bei ndogo sana, halafu unafika na mzigo kwenye kituo kidogo unaambiwa hakuna pa kutua. Python inatua pedi ya kati, na kwa miaka mingi ndo sababu kubwa ya watu kuinunua kwa mizigo.

Uchimbaji?

Uchimbaji unahitaji vifaa vingi vidogo kwa wakati mmoja, mtambo wa kusafisha, limpeti za kukusanya, za kupima, leza, na nafasi ya mizigo juu yake. Kwa hiyo bodi lenye sloti nyingi za saizi tofauti linafaa, na hapo Python na Krait Mk II zinafanya vizuri sana mradi uzifunge kwa uchimbaji peke yake. Wazo la kuchimba na kuwinda maharamia safari moja nimeshalieleza juu, angalia swali la kuchanganya vifaa.

Safari ndefu na uvumbuzi?

Hapa adui ni uzito. Kila tani unayobeba inakupunguzia umbali wa kuruka, kwa hiyo meli ya uvumbuzi inajengwa kwa kutoa. Toa silaha. Weka vifaa vya daraja D sehemu nyingi maana ndo vyepesi kuliko vyote, ila injini ya kuruka iwe daraja A, hapo usibanie. Kivuna mafuta kikubwa kadri sloti inavyoruhusu, skana ya sayari, ngao ndogo kwa ajili ya kutua vibaya, basi.

Asp Explorer kwa kama milioni 6.7 imependwa miaka mingi kwa kioo chake kikubwa, unaona mpaka miguuni. Diamondback Explorer ni rahisi zaidi na haishiki joto sana ukivuna mafuta karibu na nyota, kitu ambacho kwenye mruko wa mia mbili kinakuokoa na uchovu. Kuhusu Anaconda kwenye safari ndefu angalia sehemu ya kesi za pembeni.

Vita?

Kama unapigana na wachezaji wenzako, ya kazi moja, hamna mjadala mrefu. Mwenzako amekuja na Fer-de-Lance, silaha moja kubwa kabisa na nne za kati, hana rafu hata moja ya mizigo, sloti zote ni za kuimarisha ngao na bodi. Wewe umekuja na kivuna mafuta. Anakuzidi kabla hamjaanza.

Dhidi ya kompyuta ni tofauti. Krait Mk II ikifungwa vita itafanya kazi zote za kuwinda maharamia na utaifurahia. Nikishauri mtu anayetaka vita kidogo na mambo mengine kidogo, ndo naitaja hiyo.

Abiria?

Vyumba vya kawaida unaweka kwenye meli nyingi tu. Vyumba vya kifahari vinakubali meli za abiria kama Dolphin, Orca na Beluga, kwa hiyo ukiwataka wale matajiri wanaolipa sana huna uchaguzi.

## Gemu kwa gemu

EVE Online: naona kila meli ina bonasi zake. Kuna ya kila kazi kweli?

EVE imejengwa kwa bonasi. Hata frigeti (meli ndogo) ya mwanzo ina maelezo yanayosema inaongeza asilimia kadhaa kwenye silaha fulani kwa kila leveli ya ujuzi. Ukifunga silaha nyingine unaitupa bonasi, kwa hiyo kuchanganya kunaadhibiwa mara mbili, kwenye sloti na kwenye bonasi.

Kitu cha kujifunza pale ni kwamba hata ndani ya kazi moja kuna kuchagua. Angalia meli za kuchimba. Unaanza na Venture, ina nafasi ya madini mita za ujazo 5,000 na bonasi ya kukwepa kunaswa. Ukipanda unakuta tatu zilizo pacha: Procurer ngumu kupasua, Retriever ina tumbo kubwa, Covetor inachimba haraka. Zote wachimbaji. Unayekaa mbali na skrini unataka Retriever. Unayechimba sehemu yenye wahalifu unataka Procurer. Mwenye kikundi cha kumlinda na kumbebea madini anachukua Covetor. Watu wanakimbilia Covetor kwa sababu namba ya kuchimba ni kubwa, wanapasuliwa wiki ya kwanza.

Halafu kuna muda wa mafunzo. Ujuzi wa kawaida kabisa unahitaji pointi 45,255 kufika leveli 4 na 256,000 kufika leveli 5, yaani zaidi ya asilimia 80 ya kazi yote iko kwenye hatua ya mwisho. Meli nyingi za T2, ambazo ndo za kazi moja haswa, zinadai hiyo leveli 5. Kwa hiyo kwenye EVE kuchagua kazi unalipia kwa wiki za kusubiri kabla hata ya pesa. Usichague kwa sababu ya picha.

Na zile Tengu na Loki zinazobadilika?

Tengu, Loki, Legion na Proteus zimekuja Machi 2009, na zinaundwa kwa vipande vinne unavyobadilisha. Ndo kesi ninayoijua inayovunja kanuni yangu ya hapo juu, kwa sababu ukibeba ile bohari ndogo ya kusimika angani unaweza kubadilisha vifaa na vipande hukohuko ulipo. Unaisimika, unasubiri dakika moja, unageuka kutoka meli ya kujificha na kutafuta kuwa meli ya kupigana. Kwa mtu anayeishi ndani ya mashimo ya anga ambako hamna stesheni, hiyo ina thamani kubwa sana. Ila angalia gharama: bei ni kubwa, na hiyo dakika moja lazima uipate kwa amani. Ukishavamiwa umebaki na ulichonacho.

No Man's Sky: ina maana kuhangaika?

Kidogo. Fighter ina bonasi ya silaha, Hauler ina nafasi na ngao, Explorer inaruka mbali na inapaa kwa mafuta kidogo, Shuttle iko katikati, Exotic siku zote ni daraja S. Lakini unaweza kumiliki meli mpaka 12 na ukiwa sayarini unaita yoyote inakuja ulipo. Kubadilisha meli ni rahisi hivyo, kwa hiyo chukua moja ya kila aina taratibu na usisumbuke. Kama unataka moja tu, daraja lake na sloti zake zina uzito kuliko aina yake, S ya Hauler itakufanyia vita vizuri tu.

Starfield?

Pale gemu yenyewe inakusukuma kwenye meli moja, maana wafanyakazi wako, mizigo yako na nyumba yako viko humo. Jenga moja nzuri. Uzuri wa Starfield ni kwamba umeme wa mtambo unaugawa ukiwa angani, leza, injini, ngao, mruko, kwa hiyo kubadilika katikati ya safari kupo kwa kiasi fulani. Angalia uzito usikupunguzie wepesi wa kugeuka, na kumbuka mitambo ya daraja B inahitaji ujuzi wa urubani hatua ya 3, na C hatua ya 4. Kuongeza makontena bila kuongeza injini ndo kosa linalojirudia kuliko yote.

Star Citizen?

Bodi za kazi moja huwezi kuzigeuza, kama nilivyosema kuhusu Prospector. Hull C inabeba makontena nje ya mwili wake na ikiwa imepakia haitui sayarini, kwa hiyo njia zake ni za stesheni hadi stesheni. Cutlass Black yenye nafasi ya SCU 46 (kipimo cha mizigo cha gemu hiyo) ndo ya kila kazi inayotajwa kuliko zote, na inastahili. Ushauri wangu mmoja: kodi meli ya kazi moja kwa pesa ya ndani ya gemu kwa siku chache kabla hujafikiria kuitafuta kabisa. Watu wananunua meli ya kuchimba halafu wanagundua hawapendi kuchimba kwenyewe.

X4?

X4 unamiliki kampuni nzima na marubani wanakuendeshea. Huko meli za kazi moja ndo karibu kila kitu, hata wachimbaji wa madini magumu na wachimbaji wa gesi ni meli tofauti. Ya kila kazi ibaki ile unayopanda mwenyewe kuzungukia mali.

## Kesi za pembeni

Kuna meli ya kila kazi iliyowahi kuzishinda za kazi moja kwenye kazi yao?

Ipo. Anaconda ya Elite Dangerous. Bodi lake lina uzito wa tani 400 tu, wakati la Corvette, meli ya vita ya ukubwa unaofanana, ni tani 900. Ukiivua kila kitu na kuifanyia uhandisi (kuboresha vifaa vyake) inaruka zaidi ya miaka ya nuru 70, na kwa miaka mingi meli zilizotengenezwa kwa uvumbuzi hazikuifikia. Mwaka 2024 ikaja Mandalay, ya kati, inaenda mbali, inageuka vizuri na kutua kwake sayarini ni raha, na sasa sioni sababu ya kumshauri mtu mpya aende Anaconda kwa uvumbuzi. Maana yake usiamini jina la kundi, soma namba.

Nacheza na wenzangu wanne. Kila mtu awe na kazi yake?

Ndiyo, na hapo meli za kazi moja zinang'aa kuliko popote, kwa sababu kikundi chenu kizima ndo kinakuwa meli ya kila kazi. Mmoja anabeba, wawili wanalinda, mmoja anachimba. EVE ina meli za kutibu wenzao, Guardian, Basilisk, Oneiros na Scimitar, ambazo peke yake hazina maana na kwenye kundi ndo zinaamua nani anarudi nyumbani.

Ila ongeeni ukweli kuhusu nani anakuja. Mlinzi asipoingia siku hiyo, mwenye meli ya mizigo isiyo na silaha atakaa stesheni anaangalia. Vikundi vinavyokutana mara chache, mmoja au wawili wabaki na za kila kazi.

Nina saa moja tu kwa siku. Nifanyeje?

Meli ya kazi moja, iliyofungwa tayari, imeegeshwa mahali kazi ilipo. Ukiwa na saa moja, dakika kumi na tano za kubadilisha vifaa ni robo ya gemu yako.

Naenda Colonia, sirudi karibuni. Nichukue ipi?

Colonia ni eneo la mbali kwenye Elite Dangerous, kama miaka ya nuru 22,000 kutoka kwenye Jua letu, na njiani unaweza kukutana na lolote au usikutane na chochote. Hii ndo safari ambayo meli ya kila kazi ina haki yake kamili, kwa sababu kazi itabadilika ukifika na stoo yako umeiacha nyuma. Mi ningechukua Krait Phantom au Python iliyofungwa kwa safari tu, nyepesi, halafu nikifika nanunua vifaa vya kazi huko. Usibebe vifaa vya kazi ya mwisho wa safari ukavivuta miruko mia saba. Na kama mafuta yakikuishia njiani usijizime kwa hasira, kuna kundi la wachezaji linaitwa Fuel Rats, tangu 2015 wanaenda kuwapelekea watu mafuta popote walipokwama, bure. Ukiona onyo la hewa limeanza kuhesabu, toka kwenye gemu kwanza halafu ndo uwaite.

Nimeipenda meli moja tu, sura yake, sauti ya injini zake, na siitaki nyingine. Nakosea?

Hukosei. Unatumia masaa mengi ndani ya hicho chumba cha rubani, na kupenda ulipokaa kuna uzito wake. Nina Cobra Mk III ambayo sijawahi kuiuza, mlio wake ikipita kwenye lango la stesheni naujua nikiwa nimefumba macho. Nilichofanya ni kuacha kuidai mambo matatu kwa siku moja. Ijumaa naifunga kwa mizigo, natoa silaha zote. Jumamosi naitoa rafu zote, naweka leza na ngao nzito, naenda kuwinda. Inapata pesa kidogo kuliko Type-6 na inapigana vibaya kuliko Vulture, na kila safari najua kabla sijapaa nikivamiwa nitakimbia au nitapigana.